Midoli ya Manyoya: Pambo, Hazina au Vumbi?

Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya na malezi, tumechagua kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi hukiona ni kidogo mno kuandikiwa. Ni ile midoli laini ya manyoya, yaani dubu, sungura, simba na mbwa, ambayo siku hizi imejaa katika nyumba zetu. Zamani ilionekana kwa watu wachache waliokuwa na ndugu Ulaya. Leo inaingia ndani ya marobota ya mitumba, inauzwa Karume mjini Dar es Salaam na Gikomba mjini Nairobi, na inaletwa kama zawadi ya ubatizo, ya kipaimara na ya siku ya kuzaliwa. Si ajabu mtoto mmoja kuwa na midoli 20 au 30 kabla hajaanza darasa la kwanza.

Swali linalofuata ni la kila mama: tuiweke wapi, na tuipange vipi? Katika kazi yetu ya uuguzi, na katika ziara za kikundi cha akina mama kanisani, tumeingia nyumba nyingi na tumeona majibu ya namna tatu. Kwa wengine midoli imepangwa juu ya kabati la sebuleni, kila mmoja ndani ya mfuko wake wa nailoni, na mtoto haruhusiwi kuigusa. Hiyo ni ya wageni kutazama. Kwa wengine midoli yote imerundikwa kitandani, na mtoto analala katikati yake kama kifaranga kiotani. Na kwa wengine imesukumwa ndani ya gunia uvunguni, ikilala pamoja na viatu vibovu na mende. Njia zote tatu zina kasoro, na mojawapo yaweza kuleta hatari ya maisha. Tuzitazame kwa utulivu.

MIDOLI HII ILIANZAJE?

Ni vema kujua kitu kimetoka wapi kabla ya kuamua mahali pa kukiweka. Katika mji mdogo wa Giengen, kusini mwa Ujerumani, alizaliwa mtoto wa kike mwaka 1847 aliyeitwa Margarete Steiff. Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu aliugua polio. Miguu yake ilipooza na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu, akaishi maisha yake yote katika kiti cha magurudumu. Hata hivyo alijifunza kushona, na ushonaji ukawa kazi yake ya kumlisha.

Mwaka 1880 Margarete alishona tembo wadogo wa kitambaa kizito cha sufu. Alikusudia wawe mito midogo ya kuchomekea pini, ya akina mama washonaji. Lakini watoto waliwachukua tembo hao wakawafanya wa kuchezea, na yeye hakuwanyang'anya. Aliendelea kushona wanyama wengine, na kazi yake ikakua ikawa kiwanda. Mwaka 1902 Richard Steiff, mtoto wa kaka yake, alibuni dubu mwenye mikono na miguu inayozunguka.

Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Huko alikataa kumpiga risasi dubu aliyekuwa amefungwa kwenye mti. Mchoraji Clifford Berryman alilichora tukio hilo katika gazeti la Washington Post. Kisha mume na mke waliokuwa na duka dogo huko Brooklyn, Morris na Rose Michtom, wakashona dubu wa kitambaa na kumpa jina la utani la Rais, yaani Teddy. Tangu hapo dubu wa manyoya ameenea duniani kote.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu moja. Mdoli wa manyoya ulitoka mikononi mwa mwanamke mwenye ulemavu, fundi cherehani kama wengi wetu, na watoto ndio walioamua kazi yake. Umeumbwa ushikwe, ukumbatiwe, uangushwe na kuokotwa. Kuufungia ndani ya nailoni miaka mitano ili wageni wauone ni kuunyima kazi yake. Isitoshe, nailoni haiuhifadhi kama tunavyodhani. Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, hewa yenye unyevu hunaswa ndani ya mfuko, na baada ya miezi michache mdoli huota ukungu na kunuka. Na mfuko wenyewe ni hatari, kwani mtoto mdogo akijivika kichwani aweza kukosa pumzi.

KITANDA CHA MTOTO MCHANGA KIWE KITUPU

Hapa tunaomba kila mama, shangazi na bibi asome mara mbili. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale na mdoli wa manyoya. Usiwekwe kichwani pake, ubavuni wala miguuni, hata kama ni zawadi ya mama wa ubatizo na hata kama unapendeza katika picha.

Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Mtoto wa miezi mitatu akigeuza uso na pua yake ikazama kwenye kitu laini, hana nguvu wala akili ya kujitoa. Hupumua hewa ileile aliyokwisha kuitoa, na anaweza kufa kimya kimya bila hata kulia. Madaktari wa watoto wa Marekani walianza mwaka 1992 kuwashauri wazazi wasiwalaze watoto wachanga kifudifudi, na mwaka 1994 ikaanzishwa kampeni kubwa ya kuwahimiza wawalaze chali. Vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua nchini humo kwa zaidi ya nusu. Katika mwongozo wao wa mwaka 2022 walikazia tena kwamba mahali pa kulala mtoto pasiwe na mito, wala mablanketi mazito, wala midoli laini.

Kwa hiyo mama, kitanda cha mtoto mchanga kiwe na godoro gumu, shuka lililonyooshwa vizuri, na chandarua. Midoli ikae rafuni, mbali naye, ikimsubiri akue. Na rafu hiyo isipigiliwe juu ya kitanda chake, kwani mdoli ukianguka usiku, utaangukia usoni.

Hata baada ya mwaka wa kwanza, kagua kila mdoli kabla ya kumpa mtoto aliye chini ya miaka 3. Vuta macho na pua kwa nguvu. Macho ya vifungo au ya gundi yakilegea, yatoe, kisha tarizi macho mapya kwa uzi mweusi. Kata utepe mrefu wa shingoni. Bonyeza tumbo: kama limejazwa punje ndogo za plastiki na mshono umeanza kuachia, ushone upya au usimpe. Na kama mdoli unaimba au kuwaka taa, angalia kifuniko cha betri. Betri ndogo ya duara, inayofanana na kifungo, mtoto akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kuunguza vibaya njia ya chakula kwa muda wa saa 2 tu. Betri ya namna hiyo itolewe na isirudishwe. Kwa mtoto, dubu asiyeimba ni dubu vilevile.

VUMBI NA PUMU

Manyoya ya mdoli hukamata vumbi kuliko meza au kiti cha mbao. Ndani ya vumbi hilo wanaishi wadudu wadogo mno wa jamii ya utitiri, ambao urefu wao haufiki hata nusu milimita. Hawaumi. Chakula chao ni magamba ya ngozi yanayodondoka kutoka miilini mwetu, na hupenda mahali penye joto na unyevu, kama magodoro, mito na midoli. Kinachodhuru ni kinyesi chao, ambacho huwa kama unga. Mtoto mwenye pumu, au mwenye mzio wa pua, akikivuta, kifua hubana, hukohoa usiku, hupiga chafya mfululizo asubuhi na macho humwasha.

Tuliwahi kuitwa katika nyumba ya mjane mmoja wa usharika wetu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia na Kongo, na kila aliporudi safari alimletea binti yake mdoli mmoja. Alipofariki, binti alikuwa na miaka 6 na midoli 37. Mama aliipanga yote kitandani kwa mtoto, na tangu siku ya mazishi hakuna aliyeruhusiwa kuiondoa. Mwaka ukapita. Mtoto akawa anakohoa kila usiku na kifua kinapiga mluzi. Bibi yake mzaa baba akasema midoli hiyo ichomwe moto, kwani itamuua mjukuu wake. Mama akajibu kwamba atakayeigusa amemzika mumewe mara ya pili. Wakafika mahali pa kutosemezana, wakiwa chini ya paa moja.

Kila mmoja alikuwa na neno la kweli. Bibi alisema kweli juu ya vumbi, na mama alisema kweli juu ya kumbukumbu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kuna mambo mawili tu ya kuchagua, kuchoma au kulala nayo. Tulikaa nao mkekani, tukaomba pamoja, kisha tukamwita mtoto mwenyewe, kwa kuwa mali ilikuwa yake. Tukamweleza kwamba midoli haitatupwa, ila itahamia nyumba yake yenyewe, na kitandani utabaki mmoja anaoupenda kuliko yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Bibi, baba atajua kwamba sikuitupa?" Yule bibi aliyetaka kuichoma ndiye aliyemjibu, "Atajua, mjukuu wangu. Tutaiandika." Akachagua punda milia aliyechakaa sikio.

Midoli 36 ilioshwa kwa wiki tatu, kwa mafungu. Bibi alitoa kabati lake la vioo la vyombo, likahamishiwa sebuleni upande usiopigwa na jua, na mtoto akapanga midoli kwa safari za baba yake: rafu moja ya Lusaka, nyingine ya Lubumbashi, nyingine ya Tunduma. Katika daftari la kurasa 40 mama aliandika kila mdoli, mwezi ulioletwa na jambo alilolikumbuka la siku hiyo. Mengine aliyakumbuka bibi. Mtoto huruhusiwa kufungua kabati na kucheza na wowote, mradi aurudishe.

Hatutaki mtu aelewe vibaya. Mtoto huyu alipelekwa pia kliniki, akapewa dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu na ya kufungua kifua, na mama akafundishwa kuitumia kila siku. Godoro nalo lilivikwa na shuka zikaanza kuoshwa kila wiki. Kikohozi cha usiku kilipungua sana, nasi hatuwezi kusema ni kwa sababu ya kitu kimoja peke yake. Kuondoa midoli hakuwi badala ya dawa, na dawa nayo hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye vumbi dogo. Mtoto akipumua huku mbavu zinaingia ndani, akishindwa kuzungumza au kunyonya, au midomo ikibadilika rangi kuwa ya buluu, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali.

KUOSHA NA KUKAUSHA

Utitiri wa vumbi hufa katika maji yenye joto la nyuzi 60 hivi. Akina mama wengi hatuna mashine ya kufulia, lakini joto hilo si gumu kulipata. Changanya lita 1 ya maji yanayochemka na lita 1 ya maji ya kawaida ya bomba ndani ya beseni, na utakuwa karibu sana na nyuzi 60. Fanya hivyo watoto wakiwa mbali, na tumia mwiko wa zamani kuzamisha midoli, wala si mkono.

Kwanza soma kitambaa kidogo kilichoshonwa ubavuni mwa mdoli. Kama hakiruhusu maji ya moto, kuna njia nyingine. Weka mdoli mkavu ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge, uache ndani ya friza usiku na mchana mara mbili. Baridi kali huwaua wadudu hao. Lakini haiondoi kinyesi chao, kwa hiyo mdoli ukitoka kwenye friza uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na usuuzwe vizuri.

Utaratibu wetu ni huu:

1. Kung'uta mdoli nje, mtoto mwenye pumu akiwa mbali.

2. Tia midoli miwili au mitatu ndani ya foronya na ufunge mdomo wake, ili manyoya yasisuguane sana na macho yasing'oke.

3. Loweka kwa dakika 30 katika maji na sabuni ya unga kidogo. Bonyeza na kuachia, usisokote.

4. Suuza mara tatu. Sabuni inayobaki huwasha ngozi na hufanya manyoya kuwa magumu.

5. Ufunge mdoli katika taulo kavu na ukandamize kutoa maji.

6. Anika juani, juu ya wavu au ungo, ukigeuza kila baada ya muda. Usiuning'inize kwa sikio, kwani maji huenda upande mmoja na sikio hurefuka.

7. Ukikauka, chana manyoya kwa brashi laini.

Mdoli unaweza kuwa mkavu kwa nje na mbichi tumboni. Ukandamize kwa nguvu kwenye karatasi. Karatasi ikipata unyevu, bado. Mdoli uliowekwa rafuni ukiwa mbichi huota ukungu, na ukungu nao huchochea pumu. Kwa sababu hiyo tusioshe midoli mikubwa wakati wa masika.

Kuna jambo lingine ambalo mama zetu walitufundisha juu ya nepi. Yupo inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na buu lake huingia ndani ya ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Ndiyo maana nepi hupigwa pasi. Mdoli wa manyoya haupigiki pasi, maana huyeyuka. Kwa hiyo katika maeneo yenye inzi huyo, anika midoli kwenye jua kali na siyo chini ya mwembe, wala usiitandaze ardhini. Kama huna hakika, uache mdoli mkavu ndani ya mfuko uliofungwa kwa wiki mbili kabla ya kumpa mtoto.

Midoli ya mitumba ioshwe siku ileile inaponunuliwa, kabla haijaingia chumbani. Na mtoto akipata upele, midoli aliyolala nayo ioshwe kwa maji ya moto, au ifungwe kwenye mfuko kwa wiki moja, kwani wadudu wa upele hawaishi muda mrefu mbali na ngozi ya mtu.

KUIPANGA KWA UZURI

Mtume Paulo aliwahimiza Wakorintho kutunza utaratibu katika ibada zao, nasi tunaamini utaratibu huanzia nyumbani. Kaa na mtoto sakafuni, mwaga midoli yote, na muigawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la rafiki wa kitandani. Kila mtoto huwa na mdoli mmoja ambao bila huo halali. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza mwaka 1951 kwamba kitu cha namna hiyo humsaidia mtoto kujifunza kuachana na mama yake kwa muda bila hofu. Usimcheke wala usimtishie kuutupa. Huu uoshwe kila wiki pamoja na shuka, asubuhi, ili jioni uwe umekauka. Hata wodini tumeona faida yake: mtoto anayeogopa sindano hutulia tukianza kwa kumpiga dubu wake sindano ya kuigiza na kumfunga bandeji.

Fungu la pili ni la midoli ya kucheza. Itie ndani ya kapu la ukili au boksi lenye mfuniko, mahali ambapo mtoto anafika mwenyewe. Isizidi 8 au 10. Mingine iliyo mizima iweke juu ya kabati ndani ya boksi, na kila mwezi mbadilishe. Mtoto huipokea kama mipya, na nyumba haijai.

Fungu la tatu ni la kumbukumbu na pambo. Hii ndiyo ya kabati la vioo, kwa kuwa kioo huzuia vumbi jingi. Weka mikubwa nyuma na midogo mbele. Ili ya nyuma ionekane, pandisha ngazi kwa maboksi ya viatu yaliyofunikwa kwa kipande cha kitenge. Waweza kuipanga kwa wanyama, kwa rangi, au kwa mtu aliyeileta. Sisi twapenda hii ya mwisho, kwa sababu humfundisha mtoto shukrani: huu wa shangazi, huu wa mwalimu wa shule ya Jumapili. Shona kitambaa kidogo chini ya mguu chenye jina la mtoaji na mwaka. Usiibanane mno, acha nafasi hewa ipite.

Asiye na kabati la vioo asihuzunike. Kwa uzi uleule tunaofumia vitambaa vya makochi, fuma wavu wa pembe tatu wenye upana wa mita 1 hivi, na uufunge kwenye kona ya chumba kwa misumari mitatu imara. Midoli mepesi 12 au 15 hukaa humo vizuri. Isifungwe kwenye chandarua, kwani huvuta na kutoboa, na mbu wakapita.

Yafuatayo yaangaliwe daima. Kabati na rafu zifungwe ukutani kwa vyuma, kwani mtoto atapanda kufuata mdoli wa juu, na kabati likimwangukia laweza kumuua. Midoli ikae mbali na mshumaa, kibatari na dawa ya mbu ya kuchoma, kwa kuwa manyoya mengi ya siku hizi ni ya plastiki, hushika moto upesi na kuyeyukia ngozini. Ikae mbali na dirisha lenye jua, maana rangi hupauka. Na ile ya sufu halisi ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu, kwani nondo hupenda kutaga humo.

Fungu la nne ni la kutoa, nalo tutalizungumzia sasa.

HAZINA YAKO IKO WAPI?

Mwaka 1993 kampuni ya Ty ya Marekani ilianza kuuza midoli midogo iliyojazwa punje za plastiki, iliyoitwa Beanie Babies. Kampuni ilikuwa ikisimamisha baadhi ya aina, na watu wakaamini kwamba zitakuwa adimu na bei itapanda siku zote. Watu wazima wakanunua mamia, wakavifunika vikaratasi vya masikioni ili visikunjike, wakazuia watoto kucheza. Mwaka 1999, mahakamani huko Las Vegas, mtu na mkewe waliokuwa wametalikiana waliamriwa kugawana midoli yao. Walichuchumaa sakafuni mbele ya jaji, wakichagua mmoja mmoja kwa zamu. Haukupita muda mrefu bei zikaanguka, na midoli mingi iliyodhaniwa kuwa akiba ya uzeeni ikabaki kuwa midoli.

Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 6, alipotuonya juu ya hazina za duniani alimtaja nondo. Mama aliyewahi kufungua boksi la sufu lililosahauliwa anamjua vizuri nondo huyo. Si dhambi kuwa na midoli mingi iliyopangwa vizuri. Katika kijiji cha Harsány, nchini Hungaria, kuna mkusanyo uliohesabiwa mwaka 2019 ukakutwa na dubu 20,367. Lakini sisi tunapendekeza kipimo kimoja cha nyumbani: idadi ya midoli isizidi ile ambayo unaweza kuiosha na kuikausha. Inayozidi hapo hukusanya vumbi tu, na huenda kuna mtoto anayeihitaji.

Katika kutoa, mtoto mwenyewe achague. Ukimnyang'anya kwa siri atajifunza kuficha, na akichagua mwenyewe atajifunza kupenda. Toa iliyo mizima na safi, kwa kuwa iliyochanika tumboni haifai kuwa zawadi. Kama unataka kupeleka wodi ya watoto au kituo cha yatima, muulize kwanza muuguzi au mlezi mkuu. Zipo wodi zisizopokea midoli ya manyoya kwa sababu ya kuambukizana, hasa wanakolazwa waliougua moto na wenye kinga dhaifu. Wasikasirikiwe, wanalinda maisha. Hali kadhalika, katika chumba cha watoto kanisani ni afadhali midoli migumu inayofutika kwa kitambaa na sabuni, kwa kuwa ile ya manyoya hupita midomoni mwa watoto kumi katika ibada moja.

Basi akina mama, Jumamosi moja mwezi huu, kabla ya kazi nyingine, fungueni lile gunia la uvunguni, mshushe ile ya kwenye nailoni, na mkague vitanda vya watoto wachanga. Mwiteni mtoto mfanye naye. Mtashangaa ni mambo mangapi atawasimulia juu ya kila mdoli, ambayo hamkuwa mkiyajua.

Bwana azibariki nyumba zenu na kuwapa watoto wenu pumzi njema.